Swali Ambalo Nesi Hakuuliza

Ilikuwa Jumapili jioni, nimekaa barazani na kikombe changu cha chai, simu ikalia. Alikuwa mshkaji wangu wa tangu chuo. Tulisoma mawasiliano darasa moja, na harusi yake ilipofika mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Siku hiyo sauti yake haikuwa sawa kabisa.

"Dada, uko peke yako?"

Nikamwambia niko peke yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mke wangu amepimwa kliniki ya wajawazito. Wamemkuta na kaswende. Ni mimi niliyemletea."

Nikadhani najua kinachofuata, si unajua tena, mpango wa kando. Nikamwuliza huyo mwanamke ni nani. Akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Si mwanamke, dada."

Mpenzi msomaji, naandika haya kwa idhini yake na ya mkewe, na majina nimeyaacha nyumbani. Sikai kwenye kiti cha hakimu. Kama una msimamo wako kuhusu wanaume wanaopenda wanaume au wanawake wanaopenda wanawake, baki nao. Ninachokuomba ni dakika zako kumi, kwa sababu kilichompata mke wa rafiki yangu kingeweza kumpata yeyote kati yetu tunaolala tukidhani tuko salama.

KIDONDA KISICHOONEKANA

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kaswende huanza na kidonda pale vijidudu vilipoingilia, na kidonda hicho kwa kawaida hakiumi. Kwa mtu aliyeingiliwa kwa njia ya nyuma, kinaweza kuwa ndani kabisa, mahali ambapo mwenyewe hawezi kukiona. Baada ya wiki 3 hadi 6 kinapona chenyewe. Baadaye huja vipele, mara nyingi hata kwenye viganja na nyayo, na kwa kawaida haviwashi. Navyo vinaondoka vyenyewe. Mtu anashukuru Mungu amepona, kumbe mgeni bado yumo ndani ya nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa rafiki yangu. Kidonda hakukiona. Vipele alivyoviona viganjani vilimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Nesi akamwuliza: umeoa? Ndiyo. Una mwanamke wa nje? Hapana. Na alisema kweli! Nesi akaandika aleji, akampa vidonge, jamaa akarudi kazini.

Swali moja tu lilikosekana: mwenzako wa nje, kama yupo, ni mwanamke au mwanaume? Nikamwuliza, hivi angekuuliza ungejibu? Akafikiri kwa muda mrefu. "Pengine nisingejibu. Yule nesi anamfahamu shangazi yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa wake ulikuwa na dawa tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kusemea.

KWA NINI WAO ZAIDI?

Magonjwa ya zinaa hayaulizi mtu anampenda nani. Yanafuata njia yanayoipata. Lakini zipo sababu zinazofanya watu hawa wawe kwenye hatari kubwa zaidi, na ni vizuri tuzijue moja moja.

Ya kwanza ni ya mwili. Ngozi ya ndani ya njia ya nyuma ni nyembamba, haitoi ute wa kulainisha, na huchubuka haraka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema katika kila matendo 10,000 bila kinga na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, anayepokea kwa njia ya nyuma anaweza kuambukizwa mara 138. Mwanamke anayefanya kwa njia ya kawaida ni mara 8. Na dada, usiruke aya hii: mwili wako hapo ni uleule. Wapo wachumba wanaotumia njia hiyo ili kulinda ubikira au kukwepa mimba, wakidhani ndiyo salama. Mimba hapana, lakini VVU, kisonono, klamidia na kaswende vinapita.

Ya pili ni mafuta. Wengi wanachukua kilicho karibu: Vaseline, losheni, mafuta ya nazi. Mafuta haya hudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, ikapasuka katikati ya shughuli. Kinachofaa ni kilainishi cha maji au cha silikoni. Kinapatikana kwenye maduka ya dawa, ishu ni kwamba kukiomba mbele ya foleni kunataka moyo.

Ya tatu ni udogo wa kundi. Watu wachache wanaojuana na kukutana kwa siri huzungukana wao kwa wao. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja unazunguka haraka, hata kama kila mmoja ana wapenzi wachache tu.

Ya nne ni vipimo vyenyewe. Katika vituo vyetu vingi mtu hutibiwa kwa dalili: eleza unachosikia, upewe dawa. Lakini kisonono na klamidia zikikaa kooni au njia ya nyuma, mara nyingi hazina dalili yoyote. Hata ukipimwa mkojo, kipimo kinaweza kusema huna kitu, kwa sababu kimetafuta mahali pengine.

Ya tano ndiyo mama yao wote: woga. Nchini Kenya, sheria ya adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Februari 2010 pale Mtwapa, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulizua kundi la watu wenye hasira waliokizingira kituo cha afya cha KEMRI, kwa kuwa kilikuwa kikitoa huduma za VVU kwa wanaume hao. Na hadi Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilipoharamisha jambo hilo mwezi Machi 2018, watu waliweza kukamatwa na kupelekwa hospitali kukaguliwa sehemu za nyuma ili kutafuta ushahidi. Sasa niambie, mtu aliyeyasikia hayo atamwonyesha daktari kidonda chake?

NA KINA DADA WENYEWE?

Kuna uongo mtamu unaozunguka mjini: wanawake wawili wakiwa pamoja hakuna ugonjwa. Si kweli. Hatari ya VVU ni ndogo sana, hilo tukubali. Lakini malengelenge ya sehemu za siri, trikomonasi na kirusi cha HPV vinaweza kupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa vidole, au kwa kutumia pamoja vifaa vya mapenzi bila kuviosha. HPV ndiyo inayosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tena wengi wao wamewahi kuwa na wanaume, wengine kwa kulazimishwa. Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa "wewe huna mume, kipimo cha nini?" anafungiwa mlango ambao ungeokoa maisha yake. Kila mwanamke apimwe, awe na mume, awe na mwenzi wa kike, au alale na mto wake.

HII INAKUHUSU VIPI WEWE?

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mombasa kwa wanaume 285 waliokuwa na hatari kubwa ya kuambukizwa. Kati yao 114 walikuwa na wanaume tu, na asilimia 43 ya hao walikuwa na VVU. Waliobaki, wanaume 171, walikuwa na wanaume na wanawake pia. Kwao ilikuwa asilimia 12.3. Hawa si picha ya wanaume wote wa namna hiyo, walikuwa kundi maalumu. Lakini hesabu ifanye mwenyewe: zaidi ya nusu walikuwa na mwanamke mahali fulani.

Ukimfukuza mmoja wao kliniki, hujamlinda mwanamke huyo. Umemwondolea kinga yake.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya kundi fulani tu. Mwaka 2022 mpox ilipoenea Ulaya na Marekani, wengi walioupata walikuwa wanaume wanaolala na wanaume, watu wakaubandika jina. Mwaka 2023 na 2024 aina nyingine ya kirusi hicho ikalipuka Kamituga, Kivu ya Kusini, ikipita zaidi kati ya wanaume na wanawake. Jina la kubandika halikumkinga mtu.

FANYENI HIVI

Pimeni wote wawili, na pimeni vyote. Kipimo cha VVU peke yake hakitoshi. Ulizia kaswende na homa ya ini aina B, ambayo ina chanjo.

Mwambie daktari ni sehemu gani ya mwili wako ilihusika. Huna haja ya kusimulia maisha yako. Sentensi moja tu: "Naomba nipimwe na koo na njia ya nyuma." Ukiona macho yamebadilika, tafuta kituo kingine. Zipo kliniki zilizofundishwa kuhudumia bila maswali ya shangazi.

Uliza kuhusu PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU, ambavyo Kenya ilianza kuvitoa rasmi mwaka 2017. Lakini kumbuka havizuii kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu ibaki mfukoni.

Kama mwenzio ana VVU, ashike dawa sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume huko Ulaya, mmoja akiwa na VVU vilivyofifishwa na dawa na mwingine hana. Walifanya mapenzi bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Aliyeambukizwa na mwenzake: hakuna hata mmoja.

Na wewe uliye nesi au daktari, nakuomba kama mdogo wako: uliza. "Wapenzi wako ni wanawake, wanaume, au wote?" Muulize kila mtu, kwa sauti ileile unayomwulizia umri, mlango ukiwa umefungwa.

WAKO WAPI SASA?

Mke wa rafiki yangu alichomwa sindano za penisilini mapema, ujauzito ukiwa bado mchanga. Kaswende isipotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe mgonjwa. Huyu wao alizaliwa salama, msichana, mapafu yake mtaa mzima unayajua. Baba naye alitibiwa, na yule mwenzake wa nje pia, maana bila huyo wa tatu mduara usingekatika.

Ndoa je? Nitakuwa mwongo nikikuambia imepona. Kwa sasa analala chumba cha wageni, na kila Alhamisi wanakwenda kwa mshauri. Mkewe alisoma makala haya kabla hayajaenda mtamboni. Nilimwuliza kama kuna kitu anataka niongeze.

"Andika kwamba nilikasirika," akasema. "Bado nimekasirika. Lakini nesi angeuliza, angalau ningekasirika mapema."