Makuta ya filme inatoka wapi?

Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani: kila muji uko na vijana wenye hadithi kichwani na kamera mukononi, hata kama ni ya simu tu. Tunapokutana nao, swali ni lilelile: makuta ya kutengeneza filme inatoka wapi?

Jibu ni kwamba haitoki pahali pamoja. Filme huru, ile ambayo haikuagizwa na televisheni ao shirika, inalipwa vipande-vipande, na kila kipande kiko na mulango wake.

Tuchukue mufano wa karibu. Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani aliyeanza na masomo ya udaktari, alifuata na kamera yake wahanga wa Vita vya Siku Sita, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, Juni 2000. Wahanga hao walishuka muto Congo mpaka Kinshasa kudai fidia. Filme hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa Cannes mwaka 2020, ya kwanza ya Congo kuingia kwenye orodha rasmi ya kule. Iliinuliwa na kampuni za inchi tatu: Congo, Ufaransa na Ubelgiji.

Juu ya nini tatu? Sababu kila inchi iko na pesa yake ya sinema, na mara nyingi pesa hiyo inapitia kampuni ya palepale. Hapa kwetu kuko Fonds de Promotion Culturelle ya serikali, lakini ni ya wasanii wa kila aina. Kuitegemea peke yake ni hatari.

Kwa filme ya kuigiza, kipande cha kwanza, kile cha kuandika, unaweza kukiomba kwa Hubert Bals Fund ya Rotterdam, Uholanzi. Kwa filme ya ukweli, dokimantere, kuko IDFA Bertha Fund ya Amsterdam. Wakati wa kupiga picha kuko World Cinema Fund ya Berlin. Ikikukubali, inadai uwe na muzalishaji wa Ujerumani. Kuko pia mufuko wa picha wa Francophonie, ambayo Congo ni memba wake.

Hawa wote hawalipi wazo. Wanalipa dosye: hadithi kwa ufupi, barua inayoeleza kwa nini wewe njo unafaa kuisimulia, bajeti, kalenda ya kazi, na dakika chache za picha ulizokwisha kupiga. Dosye inaandikwa kwa kifaransa ao kingereza. Tafuta mutu wa kukusahihishia.

Kisha kunakuja kizuizi ambacho wengi wanasahau: pesa inaingia kwenye konti ya kampuni, haiingii mufukoni mwako. Bila RCCM na benki, barua ya ushindi inabaki karatasi. Goma na Bukavu walilijua hilo vizuri benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo kuungana na muzalishaji aliyekwisha kuandikishwa, hata wa muji mwingine, kunasaidia.

Lakini kabla ya kutia sahihi, soma. Uliza: haki za filme ni za nani? Picha zitabaki kwa nani? Filme ikiuzwa, wewe unapata asilimia ngapi? Hadithi ya wahanga wa kwenu isiende Ulaya bila wewe kuwa na neno.

Na jihadhari: mifuko ya kweli inatangaza masharti na tarehe kwenye saiti zao. Mutu akikuandikia WhatsApp eti umeshinda, tuma kwanza « frais de dossier » kwa M-Pesa ao Airtel Money, huyo ni mwizi.

Leo unaweza kuanza na nini? Dakika tatu za picha na sauti safi. Kamera unaweza kuazima. Transporti na chakula, wengine wanatoa kwenye likelemba ao AVEC yao. Dakika hizo tatu njo zinaingia kwenye dosye ya kwanza.