Neno "Lorum" la Kilatini: Maana na Matumizi Yake

Maana ya asili ya neno "lorum" katika Kilatini ni ukanda uliokatwa katika ngozi. Hata hivyo, mfasiri atakayeandika "ukanda" kila alikutapo neno hili atakuwa amefasiri kitu tu, wala si maana. Kwa Warumi, maana ya "lorum" ilitegemea ukanda huo umo mikononi mwa nani.

Katika mikono ya mwendesha gari la farasi, "lora", yaani wingi wa neno hili, ni hatamu. Ndivyo Vergilius alivyolitumia katika Georgica aelezapo mashindano ya magari. Katika mikono ya bwana, "lora" ni mijeledi. Tamthilia za Plautus, aliyefariki mnamo mwaka 184 K.K., zimejaa watumwa wanaotishiwa kwa neno hili. Mpigaji wao aliitwa "lorarius", na watu wa kazi hiyo wamo miongoni mwa wahusika wa Captivi.

Shingoni mwa mtoto maana hugeuka tena. Mtoto wa tajiri alivishwa hirizi ya dhahabu, naye wa maskini alivishwa ya ngozi. Juvenalis, katika tenzi yake ya tano ya kejeli, aliita hiyo ya pili "lorum". Hapo neno halitaji kifaa. Lataja daraja ya mtu.

Maana ilizidi kupanuka hata ngozi yenyewe ikasahauliwa. Varro alilihusisha neno "lorica", yaani deraya, na "lorum", kwa kuwa deraya za kwanza zilikuwa za ngozi; lakini hata deraya ya chuma iliitwa hivyo hivyo. Wagiriki walipolikopa, "loros" likawa jina la kitambaa kirefu chenye vito alichojizungushia mfalme wa Bizanti, na leo katika Kigiriki ndilo litajalo kiungamwana. Kilichobaki ni umbo: kitu kirefu, chembamba, chenye kufunga.

Mabadiliko ya namna hii si mageni kwa Kiswahili. Kiboko ni mnyama, kisha fimbo ya ngozi yake, kisha fimbo yoyote ya kuchapia. "Jalada" na "mjeledi" yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ngozi. Ashikaye hatamu si lazima awe na farasi; yatosha awe mtawala. Nao "ukanda wa pwani" hauna ngozi hata kidogo.

Kwa hiyo kidahizo cha "lorum" katika kamusi ya Kilatini na Kiswahili hakina budi kugawanywa: ukanda, hatamu, mjeledi, hirizi ya ngozi; na kila maana ipewe mfano wake. Mtumwa wa Plautus akiogopa "ukanda", msomaji wa Kiswahili atadhani anaogopa mshipi wa nguo. Akiogopa "mjeledi", msomaji ataelewa mara moja yule alikuwa mtumwa wa mtu.