Kurudi Kihambani: Wasiwasi wa Mtu Anayejipima kwa Vipimo Viwili

Kila Disemba barabara itokayo Dar es Salaam hadi Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wachagga wengi huishi mbali na mlima, lakini kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalorithiwa katika ukoo, ndipo wanapotambulika kuwa watu wa kwao. Kwa wengi ni majira ya furaha. Kwa baadhi ni majira ya wasiwasi.

Aliyehamia mjini hujipima kwa vipimo viwili. Mjini huulizwa anafanya kazi gani. Mlimani huulizwa amejenga nini na ana watoto wangapi. Asipoweza kupatanisha vipimo hivyo, hujiona mdogo kotekote. Huahirisha safari, na kila mwaka anaoukosa hufanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Ndivyo kukwepa kunavyolisha wasiwasi.

Mgonjwa wa aina hii mara chache husema ana wasiwasi. Husema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, usingizi haupati. Huomba kupimwa presha. Dalili hizo si za kujifanya: ubongo unapohisi tishio, adrenalini humwagwa katika damu na mapigo ya moyo huongezeka. Tishio laweza kuwa chui; laweza pia kuwa macho ya ndugu.

Kwa mhudumu wa afya: chunguza kwanza upungufu wa damu, magonjwa ya moyo, matatizo ya tezi ya shingo na matumizi ya pombe, kwani huleta dalili zinazofanana. Usiishie kusema, "Huna ugonjwa." Dodoso la GAD-7 lililochapishwa mwaka 2006 lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 10 au zaidi kati ya 21 zadai uchunguzi wa kina. Hata hivyo, alama hazisemi chanzo. Uliza: "Mawazo hayo yanahusu nini? Ukifika nyumbani, unahofia kuulizwa nini?" Uliza pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, swali hilo halimpandikizii wazo hilo.

Kwa mgonjwa: mbege hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurejea. Anza na safari fupi, ukimweleza mapema ndugu mmoja unayemwamini hali yako halisi. Wasiwasi unaodumu na kuvuruga kazi au usingizi hutibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa. Fika kituo cha afya kilicho karibu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho.