Maneno na Asili Zake (4): "Check" na mfalme wa Uajemi

Juma lililopita tuliona kwamba "bark" ni maneno matatu yaliyokutana njiani yakafanana sura: mbweko wa mbwa ni Kiingereza cha kale, gome la mti lilikuja na watu wa Skandinavia, na jahazi lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa. Leo tunashika neno la tabia tofauti kabisa. Mwanafunzi akifungua kamusi kutafuta "check" atakuta kuzuia, kukagua, alama ya vema, hundi ya benki, bili ya chakula kwa Wamarekani, na kitambaa cha drafti. Atadhani ni maneno sita. Ni neno moja, na chimbuko lake ni sataranji.

Mchezo huo ulianza India yapata karne ya 6 kwa jina la chaturanga. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 wakaupokea na kuutamka shatranj, nasi wa pwani tukapata sataranji. Mchezaji anayemtishia mfalme wa mwenzake humtahadharisha kwa kutamka "shah", yaani mfalme kwa Kiajemi. Ndiyo hiyo tunayoisikia katika "shaha", mfalme wa sataranji, na katika heshima tunayowapa washairi wakubwa ya kuwaita shaha wa malenga.

Mchezo ulipoingia Ulaya kupitia nchi za Waislamu, "shah" ikawa "scaccus" katika Kilatini na "eschec" katika Kifaransa cha kale, na Kifaransa hicho kikavuka bahari hadi Uingereza. Umoja wake ukazaa "check", wingi wake ukazaa "chess". "Checkmate" nayo ni "shah mat". Wengi huifasiri "mfalme amekufa", wakiichukua "mat" kuwa kitenzi cha Kiarabu kilicho ndugu wa mauti na maiti zetu. Wengine husema ni Kiajemi, na maana yake ni kushindwa, kukosa la kufanya. Mimi naegemea hawa wa pili, kwa sababu katika sataranji mfalme hauawi. Hubanwa akakosa pa kwenda, mchezo ukaishia hapo.

Maana ya kuzuia haiko mbali. Mfalme akishatishiwa, mchezaji hana ruhusa ya kusogeza kete nyingine ila inayomwokoa. Mipango yake yote imesimamishwa. Kutoka kusimamisha neno likahamia kwenye kudhibiti, na kutoka kudhibiti likahamia kwenye kukagua, kwani anayepitia hesabu anazuia udanganyifu. Maana hii ya kukagua ilichelewa kuja, lakini ndiyo iliyoenea zaidi na ndiyo iliyotufikia sisi: "hebu cheki", "nicheki kesho".

Tawi linalonivutia kuliko yote ni la fedha. Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha kale uliitwa "eschequier". Katika karne ya 12 wafalme wa Uingereza walikuwa na ofisi ya kupokea hesabu za kodi, na hesabu hizo zilifanywa juu ya meza. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry II, aliieleza meza hiyo katika kitabu alichoandika miaka ya 1170: urefu wake kama futi 10, upana futi 5, na ukingo wa vidole vinne ili vilivyowekwa juu yake visianguke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Safu moja ilikuwa ya peni, iliyofuata ya shilingi, kisha ya pauni, ya pauni ishirini-ishirini, ya mamia, na ya maelfu. Sherifu, mwakilishi wa mfalme jimboni, aliketi upande mmoja. Vihesabio vilipangwa kuonyesha anachodaiwa, na chini yake alicholeta. Hata asiyejua kusoma aliona kwa macho yake kama deni limekwisha. FitzNeal mwenyewe aliufananisha mkutano huo na sataranji, pambano likiwa baina ya mtunza hazina na sherifu.

Jina la meza likawa jina la ofisi. Waziri wa fedha wa Uingereza hadi leo huitwa "Chancellor of the Exchequer", na nchini Kenya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeiagiza Hazina ya Taifa kuweka fedha za Mfuko Mkuu katika Benki Kuu, katika akaunti iitwayo "National Exchequer Account". Kitambaa cha mirabaraba nacho kiliitwa "check" kwa sababu ya miraba ya ubao huo huo.

Na hundi? Katika karne ya 18, mabenki ya Uingereza yaliita "check" kile kishina cha hati kilichotumika kuthibitisha kwamba hati haijaghushiwa. Baadaye jina likahamia kwenye hati yenyewe. Karne ya 19 Waingereza wakazoea kuandika "cheque", wakivutwa na tahajia ya "Exchequer". Wamarekani wakabaki na "check".

Hapa pana madai yanayorudiwa sana, kwamba "cheque" ni "sakk" ya Kiarabu, hati ya malipo, ambayo wingi wake ni sukuk tunazozisikia siku hizi katika fedha za Kiislamu. Hati yenyewe ni ya kale kweli. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliandika kuwa aliona mjini Awdaghust, katika Mauritania ya leo, hati ya deni la dinari 42,000 alilodaiwa mfanyabiashara mmoja. Waislamu walitumia hati za namna hii karne nyingi kabla ya mabenki ya London, na hilo halina ubishi. Lakini neno ni jambo jingine. Njia ya kutoka kishina cha benki hadi hundi inaonekana wazi katika maandishi ya Kiingereza, na "sakk" haimo humo. Wanaolitafuta neno hili Mashariki wako sahihi, ila wamebisha hodi nyumba ya jirani. Aliyelileta ni mfalme wa sataranji.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutalitazama "board", lililotupa bodi za mashirika. Msomaji mwenye neno analotaka lichambuliwe na alilete.