Leza katika projekta: Nuru kali ndani ya sanduku dogo

Kwa miaka mingi projekta, yaani mashine ya kutupia picha ukutani, ilitegemea balbu ya zebaki ambayo hupata joto kali na kuchakaa mapema. Sasa miale ya leza inachukua nafasi ya balbu hiyo, kuanzia madarasani hadi kwenye majumba ya sinema. Hata hivyo, kutia nuru nyingi ndani ya chombo kidogo si kazi nyepesi.

Waandaaji wa semina na mikutano Afrika Mashariki wanaijua vyema adha ya balbu hizo. Umeme hukatika ghafla, hurejea baada ya dakika moja, lakini projekta haiwaki. Balbu ingali na joto, na hapana budi ipoe kwanza. Feni ikisimama mara kwa mara kabla balbu haijapoa, umri wake hupungua.

Balbu za aina hiyo, zilizoletwa na kampuni ya Philips katikati ya miaka ya 1990, zina mvuke wa zebaki wenye mgandamizo unaozidi mara 200 ule wa hewa ya kawaida. Aghalabu hudumu kati ya saa 2,000 na 4,000. Aidha, zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake.

Pamoja na kasoro hizo, balbu hiyo ilikuwa na sifa moja iliyoipa ushindi: cheche yake inayotoa nuru ina urefu wa takriban milimita moja tu.

Kwa nini udogo ni muhimu?

Ndani ya projekta nyingi mna kibati kilichojaa vioo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelekeza nuru kwenye lenzi au kuiepusha nayo. Katika mashine nyingi ndogo, kibati hicho kina ulalo wa milimita 12 hivi. Nuru yote itakayofika ukutani sharti ipite hapo, tena ikiwa imeelekezwa vizuri.

Ni mfano wa kumimina maji ya mtungi katika chupa yenye shingo nyembamba. Tofauti ni kwamba maji yana faneli, ilhali nuru haina. Sheria za fizikia haziruhusu nuru inayotoka mahali papana, ikitawanyika kila upande, ibanwe na kuwa mwali mwembamba bila sehemu yake kupotea.

Ndiyo maana taa za LED, ingawa hazitumii umeme mwingi, hazitoshelezi katika ukumbi mkubwa. Ukizipanga nyingi pamoja, chanzo cha nuru nacho hupanuka, na nuru inayozidi haiwezi kupita katika kibati.

Leza ni kinyume chake. Nuru yake hutoka katika tundu lenye upana mdogo kuliko unywele, na kwa lenzi ndogo hunyooka ikawa mwali mwembamba. Miale kadhaa yaweza kupangwa bega kwa bega kwa vioo vilivyowekwa mithili ya ngazi, kisha ikakusanywa mahali pamoja. Nguvu huongezeka, lakini chanzo hubaki kidogo.

Rangi ya buluu yafungua njia

Leza ya kwanza ilionyeshwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Hata hivyo, leza ndogo za buluu zilisubiri hadi miaka ya 1990, kutokana na kazi ya Shuji Nakamura nchini Japani. Mwaka 2010 kampuni ya Casio ilitoa projekta nyembamba isiyo na zebaki, iliyochanganya leza ya buluu na taa nyekundu ya LED, na iliyokadiriwa kudumu saa 20,000.

Katika projekta nyingi za leza, mwali wa buluu hupiga gurudumu lililopakwa unga maalumu uitwao fosfori. Unga huo humeza nuru ya buluu na kutoa ya manjano, ambayo huchujwa kupata kijani na nyekundu. Hivyo leza ya rangi moja huzaa rangi zote.

Hapo ndipo mbunifu anapokumbana na mtihani wake mkubwa. Doa la leza juu ya fosfori likiwa dogo, nuru hukusanyika vyema. Lakini doa hilo hilo likizidi kuwa dogo, joto hupanda, na fosfori iliyopata joto kupita kiasi hupunguza nuru au huungua. Ndiyo sababu gurudumu huzungushwa kwa maelfu ya mizunguko kila dakika, ili doa lisitulie mahali pamoja.

Njia ya pili ni kutumia leza tatu: nyekundu, kijani na buluu. Rangi zake ni safi zaidi, lakini leza nyekundu haivumilii joto, na hivyo huhitaji kupozwa kwa uangalifu. Tena, mawimbi ya leza huingiliana yanapogonga ukuta wenye vikwaruzo, yakaleta vijidoa vinavyometameta mbele ya macho. Dawa yake ni kuyavuruga kidogo mawimbi hayo, kwa mfano kwa kioo chenye ukungu kinachozunguka; lakini kila kifaa kinachoongezwa hutaka nafasi.

Joto na usalama

Kwa jumla, ukubwa wa projekta huamuliwa zaidi na joto kuliko leza yenyewe. Nusu au zaidi ya umeme unaoingia katika leza hugeuka joto, ambalo sharti litolewe nje kwa mabati ya kupozea na feni. Sanduku likifanywa dogo mno, ama feni itapiga kelele, ama nuru itapunguzwa.

Usalama wa macho nao ni muhimu. Nuru hutawanywa kabla ya kutoka nje, lakini haifai kamwe mtu kuchungulia ndani ya lenzi, hasa watoto. Baadhi ya projekta zinazowekwa karibu kabisa na ukuta hujizima au hupunguza nuru mtu anaposogea.

Kwa mnunuzi, saa 20,000 ni takriban miaka saba ya kutumia projekta saa nane kila siku. Hata hivyo, baada ya muda huo leza haikatiki ghafla kama balbu. Kwa kawaida nuru yake huwa imefifia hadi nusu. Aidha, tofauti na balbu, leza aghalabu haibadilishwi na mtumiaji mwenyewe. Hivyo, kabla ya kulipa bei iliyo juu zaidi, ni busara kuuliza si ukali wa nuru pekee, bali pia muda wa dhamana na jinsi mashine inavyopozwa.