Uwajibikaji wa Taasisi na Utamaduni wa Ukimya: Rushwa ya Ngono katika Vyuo Vikuu vya Tanzania

Utangulizi

Tarehe 27 Novemba 2018, Rais John Magufuli alizindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huohuo mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Badala ya swali la kwanza kuwa nani wameumizwa, mhadhiri mwenyewe aliitwa kuhojiwa na chuo. Baadaye Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilifanya utafiti katika chuo hicho na katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalithibitisha kuwa tatizo lipo. Makala hii inafafanua kwa nini kumwadhibu mkosaji mmojammoja hakutoshi pale ambapo mfumo wa taasisi wenyewe ndio unaozalisha ukimya.

Sheria na mipaka yake

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, kifungu hicho kinamlenga mtu binafsi. Hakigusi idara iliyosikia minong'ono miaka mingi ikanyamaza. Mwaka 2024 liliwasilishwa pendekezo la kumwadhibu pia anayetoa ngono ili apate upendeleo. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga wakieleza kuwa mwathirika ataogopa kulalamika asije akageuzwa mshitakiwa.

Jinsi ukimya unavyojengwa

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, hupokea wanafunzi kutoka pande zote za nchi. Wengi wao wako mbali na wazazi, na wengi husoma kwa mkopo wa serikali. Katika mazingira ya namna hii, kama ilivyo katika vyuo vingine nchini, mhadhiri anayefundisha somo mara nyingi ndiye anayetunga mtihani, anayesahihisha na anayetoa alama za tathmini endelevu. Msimamizi wa tasnifu ana nguvu zaidi, kwa kuwa anaweza kuchelewesha kazi ya mwanafunzi kwa miezi bila kulazimika kueleza sababu. Anayekataa matakwa yake anaweza kufeli. Anayefeli anaweza kusimamishwa masomo. Na anayesimamishwa hupoteza pia mkopo uliomfikisha chuoni.

Kwa hiyo ukimya wa mwanafunzi hautokani na woga wa kimaumbile wala na mila pekee. Ni hesabu anayoifanya akijua gharama ya kusema. Endapo malalamiko yanapelekwa kwa mkuu wa idara ambaye ni rafiki na mfanyakazi mwenza wa mlalamikiwa, hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Mafunzo kutoka kwingineko

Hali hii inafanana na kashfa ya michezo ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Mwaka 2001 Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa mpira wa miguu wa Kimarekani, alionekana akiwa na mtoto katika bafu la wanamichezo. Taarifa ilipanda ngazi hadi kwa rais wa chuo, lakini polisi hawakuambiwa. Sandusky alikamatwa mwaka 2011 na kutiwa hatiani kwa makosa 45 mwaka uliofuata. Chuo kikatozwa faini ya dola milioni 60. Taarifa haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu aliyeona kuwa kulinda watoto ni wajibu mkubwa kuliko kulinda jina la timu.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kiliunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale mwaka 2018 ili kuchunguza udhalilishaji wa kijinsia. Umuhimu wa hatua hiyo ni kwamba ilichunguza taratibu za chuo chenyewe, si washitakiwa pekee.

Hitimisho

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na ya kati. Hatua hiyo ni ya maana, lakini dawati lisilo na mamlaka litabaki kuwa meza na kiti. Linahitaji uwezo wa kuhamishia usahihishaji kwa mhadhiri mwingine mara malalamiko yanapopokelewa, kubadilisha msimamizi bila kumrudisha nyuma mwanafunzi, na kupeleka taarifa TAKUKURU bila kuomba ruhusa ya idara husika. Kipimo cha uwajibikaji wa chuo si idadi ya mabango yaliyobandikwa ukutani. Ni kama mwanafunzi aliyelalamika mwezi Machi ataendelea na masomo yake mwezi Aprili.