Herufi Sita Mgongoni mwa Amplifaya

Kilichonisimamisha ni maandishi. Nilikuwa nimeingia kwenye karakana ya fundi mmoja Gerezani, Dar es Salaam, kufuata redio ya mama yangu, macho yakanasa mgongo wa amplifaya kubwa nyeusi iliyoegemezwa ukutani. Ulikuwa umepigwa chapa kwa rangi nyeupe: MALI YA. Jina lililofuata limekwanguliwa kwa kitu chenye ncha mpaka mbao ikaonekana.

"Mali ya nani, mzee wangu?"

"Hata mimi nataka kujua, mwanangu," akajibu bila kuinua macho. "Mwizi angekwangua yote. Huyu ameziacha hizi herufi sita, akaondoa jina tu. Mtu wa namna gani anafanya hivyo?"

Redio niliichukua siku hiyohiyo, ila nilirudi pale siku nne mfululizo.

Amplifaya yenyewe ni Vox AC30, ya kiwanda cha Jennings cha Dartford, Uingereza, miaka ya 1960. Aliyeibuni ni Dick Denney, pale kundi la The Shadows lilipotaka sauti kubwa kuliko ya amplifaya ya AC15. Baadaye Beatles nao wakapanda nayo jukwaani. Ina wati 30 na spika mbili za inchi 12. Ilivyofika Dar hakuna anayejua. Kijana mpiga gitaa aliikuta kwa muuza vyuma chakavu. Lakini hilo neno "mali" waliokulia kwenye dansi wanalielewa. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mwenye vyombo. Mpiga solo akihama bendi, alihama na vidole vyake tu.

Mzee huyu, aliyeomba nisimtaje jina, alijifunzia kazi kwenye redio za valvu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya kugusa chochote alibana rezista kwenye miguu ya kapasita kubwa, akangoja, akapima kwa mita. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote.

"Imechomolewa tangu jana," nikamwambia.

"Kapasita haijui kama umechomoa plagi. Humu mnatembea zaidi ya volti 300. Ukishika kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani."

Ugonjwa haukuwa mmoja. Kapasita za umeme zilikuwa zimekauka ndani. Rezista iliyoandikwa omu 220,000 ilisoma karibu 290,000. Kapasita ndogo iliyo kabla ya valvu za mwisho ilikuwa inavuja. Kazi yake ni kuruhusu mawimbi ya sauti yapite na kuzuia umeme mnyoofu. Ikivuja, valvu inayofuata inafanya kazi kupita kiasi mpaka bati lake la ndani linakuwa jekundu. Valvu moja alinionyesha bila kuijaribu: ule weupe wa kung'aa kama kioo ulio kichwani mwake ulikuwa umegeuka maziwa. "Hewa imeingia. Hii imekufa." Spika iliyochanika hakuibadilisha. Aliiziba kwa karatasi laini na gundi nyeupe, tabaka baada ya tabaka, kwa brashi ya rangi za maji ya mjukuu wake.

Ila kilichoniteka ni balbu.

Ni balbu ya kawaida ya wati 100, ile ya zamani yenye uzi ndani, imefungwa juu ya kipande cha ubao pamoja na soketi. Umeme wa ukutani hauingii kwenye amplifaya moja kwa moja. Lazima upite kwanza kwenye balbu hiyo. Uzi ukiwa baridi unapitisha umeme kwa urahisi. Ukipata moto, unaubana. Kwa hiyo ndani kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubeba balaa lenyewe, na transfoma ya miaka sitini inapona. Transfoma ile ikiungua, mzee alisema, yeye hana pa kupata nyingine.

Siku ya tatu alichomoa valvu zote, akawasha. Balbu ilimweka mara moja, ikafifia mpaka uzi ukabaki kama kijiti cha kiberiti kinachozimika. Akatikisa kichwa kukubali. Akarudisha valvu, akawasha tena. Balbu ikawa nyeupe, ikashuka kuwa rangi ya chungwa, na kadiri ilivyoshuka ndivyo vinyuzi vya valvu vilivyoanza kuiva, kimoja baada ya kingine. Kisha ghafla balbu ikapanda tena. Mimi nilirudi nyuma hatua nzima. Yeye hakusogea.

"Tulia. Sasa umeme mkubwa ndiyo unaingia, kapasita zinakunywa."

Ikashuka. Ikatulia kwenye chungwa. Nikagundua kwamba nilikuwa sijavuta pumzi.

"LED haiwezi kazi hii," akasema, akiifuta balbu vumbi baada ya kupoa. "Ina vifaa vyake ndani, haibani umeme kwa namna hii. Hii nimebakiwa na mbili. Nyumbani kwenu mkiwa nayo stoo, usitupe."

Siku ya nne kijana alikuja na gitaa. Mzee aligongagonga kila valvu kwa kijiti cha mshikaki, akisikiliza ipi inalia, ndipo akamruhusu. Sauti niliihisi kwenye mbavu kabla sijaisikia vizuri. Akipiga uzi taratibu, inang'aa. Akiukaza, inainama kwanza, kisha inasimama. Mzee alifumba macho. Aliomba solo irudiwe mara tatu, na mara ya tatu hakusema kitu.

Ubishi ulianza kwenye rangi. Kijana anataka mgongo upakwe upya, uwe mweusi kote. Pesa ni yake, amplifaya ni yake. Mzee amekataa.

"Kuna mtu alipiga hii akiwa kijana kama wewe, akaiacha mlangoni mwa wenyewe alipoondoka. Huenda yuko hai."

Nilipopita Jumatatu walikuwa hawajakubaliana. Mzee alikuwa ameigeuza amplifaya, mgongo ukitazama barabara, na kusogeza pembeni kila kilichoziba yale maandishi.